Mbegu ya Mtama Kisaki: Swali Ambalo Zahanati Haijazoea Kuuliza

Mgonjwa anapofika zahanati huulizwa umri, siku alizougua na dawa alizokwisha kutumia. Mtoa huduma mwenye bidii huongeza swali la chakula: jana mlikula nini nyumbani? Somo hili linapendekeza swali moja zaidi kwa watumishi wa afya wa Kisaki na vijiji vingine vya bonde la Mto Mgeta, kusini mwa Milima ya Uluguru: mbegu ya msimu ujao ipo? Swali hilo husikika kama la bwana shamba. Hata hivyo jibu lake hutudokezea hali ya mtoto itakavyokuwa mwakani, jambo ambalo mizani ya leo haiwezi kulisema.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ekari moja ya mtama hupandwa kwa takriban kilo 4 za mbegu. Kaya ya watu sita inayokula ugali mchana na usiku humaliza nafaka hiyo katika muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo kaya iliyobanwa na njaa mwezi wa Februari, ikaamua kutwanga mbegu, hununua siku mbili za shibe kwa bei ya ekari nzima. Wala haifai kuilaumu, kwani mtoto anayelia usiku hasubiri masika. Lakini mvua zinapoanza kaya hiyo huomba mbegu kwa jirani, hupanda kwa kuchelewa, hupanda punje zozote zilizopatikana, na huvuna kidogo. Mwaka unaofuata tunakutana nayo kliniki, nasi tunaandika katika kadi kwamba mtoto hakuongezeka uzito, bila kujua kwamba chanzo chake kilitwangwa kinuni mwaka uliopita.

Kabla ya kuendelea tuafikiane juu ya majina, maana vijitabu vya lishe mara nyingi huyachanganya. Mtama ni ile nafaka yenye bua refu mfano wa mahindi na suke kubwa la punje za mviringo, nyeupe, nyekundu au za kahawia. Uwele una suke refu lililosongamana kama mkia. Ulezi una punje ndogo sana, za rangi ya kahawia iliyoiva, na masuke yake hujikunja kama vidole vya mkono. Umoja wa Mataifa ulipoufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka ndogondogo, zote tatu zilitajwa pamoja. Katika nchi tambarare na yenye joto ya Kisaki tunausema hasa mtama. Ulezi tutauhitaji tutakapofika jikoni.

Jinsi mtama ulivyoondoka

Nchi ya Wakutu, ambayo Kisaki imo ndani yake, ilikuwa njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda bara. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857 na kupumzika Zungomero, kituo kikubwa cha misafara katika bonde la Mgeta. Wapagazi na walinzi wa misafara hiyo walikula nafaka ya wenyeji, nyingine ikinunuliwa na nyingine ikinyang'anywa. Septemba 1916 Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walipigana na majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini pale Kisaki na Duthumi. Baadaye pande mbili zikakaa zikitazamana kwenye Mto Mgeta mpaka Januari 1917. Mwenye kulima anaelewa maana ya majeshi mawili kukaa shambani kwake kuanzia wakati wa kuandaa mashamba mpaka vuli imalizike. Kilichookoa vijiji vya namna hiyo baada ya vita vingi vya nchi yetu hakikuwa ghala, kwa kuwa ghala huonekana na kuporwa. Ilikuwa mbegu iliyofichwa.

Mtama haukuondolewa na vita. Uliondolewa na amani, tena kwa sababu ambazo nyingi zilikuwa njema. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuingia tangu zamani kutoka pwani. Yana unga mweupe na mlaini, na hindi lina maganda yake lenyewe, hivyo ndege hawalifikii kwa urahisi. Operesheni ya kuhamia vijijini ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilikusanya kaya mahali pamoja, na mashamba ya wengi yakabaki mbali na nyumba. Mwaka 1977 serikali ilitangaza elimu ya msingi kwa wote. Mtoto aliyekuwa akishinda juu ya dungu akiamia ndege akaenda darasani, na huko ndiko anakostahili kuwa. Wakati wa upungufu wa chakula msaada uliokuja ulikuwa wa mahindi, na wazee wanaukumbuka unga wa njano uliopachikwa jina la unga wa Yanga kwa rangi ya jezi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kuweka stesheni Kisaki, ilifungua njia ya kuuza mazao yenye bei. Hakuna mtu aliyeamua siku moja kuuacha mtama. Ulipungua ekari baada ya ekari, na mbegu zake zikapungua dari baada ya dari.

Tatizo la ndege lisidharauliwe na yeyote anayehubiri kurejea kwa mtama. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Hicho ni kidogo mno, mpaka uzidishe kwa kundi la ndege milioni mbili: tani 20 kwa siku moja. Mkulima wa nusu ekari hana jibu la peke yake kwa kundi hilo. Kijiji kina majibu kadhaa yasiyo kamili: kupanda kwa wakati mmoja ili hasara igawanyike badala ya kumwangukia aliyetangulia au aliyechelewa, kuvuna mara punje zinapokauka, na kutoa taarifa mapema kwa afisa kilimo wanapoonekana wakitaga au wakilala kwa wingi katika matete. Jibu lisilokubalika ni kumwondoa mtoto shule. Tukirudisha mtama kwa njia hiyo tutakuwa tumemponya mtoto utapiamlo na kumtia ujinga.

Kuna jibu jingine ambalo wakulima wa zamani walilijua, nalo linatuingiza moja kwa moja katika tiba. Mtama mwekundu na wa kahawia mara nyingi huwa na tanini, kitu kile kile kinachokausha ulimi ukinywa chai iliyochemshwa kupita kiasi. Ndege hawaupendi. Mtama mweupe ni mtamu kwao kama ulivyo mtamu kwetu. Lakini tanini inayomfukuza ndege hushikana pia na protini na madini ya chuma ndani ya tumbo la binadamu, ikayazuia yasifyonzwe. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2015 na 2016 uliwakuta watoto 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wakiwa na upungufu wa damu, jambo hilo si dogo. Wazee walilitatua kwa kugawa kazi: mweupe kwa ugali, mwekundu kwa pombe na kwa mwaka mbaya. Huko Kabale, Uganda, na nchini Rwanda nafaka nyekundu huloweshwa katika maji ya jivu kabla ya kuoteshwa, na tanini hupungua. Kwa hiyo mtoa huduma akiambiwa kwamba kaya inakula mtama, aulize rangi yake. Kama ni mwekundu, ushauri wake uwe kuukoboa, kuuchachusha, na kula pamoja na matunda yenye vitamini C, kama embe, pera au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga. Chai isinywewe pamoja na mlo huo.

Mtama unaweza nini, na hauwezi nini

Sifa kuu ya mtama si kwamba una virutubisho vya ajabu. Protini yake ni karibu sawa na ya mahindi, yaani gramu 10 hivi katika kila gramu 100, na ikipikwa kwa maji huyeyushwa tumboni kwa shida kidogo kuliko ya mahindi. Sifa yake ni kuwapo. Mahindi yakikosa mvua kwa wiki mbili wakati yanatoa mbelewele, mavuno huharibika na mvua inayofuata haiyarudishi. Mtama hukunja majani, husimama, na mvua ikirudi huendelea kukua. Kisaki ina vuli na masika, na vuli haiaminiki. Kaya yenye robo ya shamba lake chini ya mtama ina kitu chungu kinapobaki kitupu, na kaya hiyo hailazimiki kuila mihogo michungu kabla haijakauka vizuri. Jambo la mwisho halisemwi kwa kutisha tu. Huko Tarime, wakati wa ukame wa mwaka 1985, mihogo michungu iliyotayarishwa kwa haraka ilileta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona.

Mwandishi hashauri mtu aache mahindi. Anayeshauri hivyo hajawahi kumpikia mgeni.

Mahali mtama na ulezi vinapoizidi dawa ya kopo ni katika uji wa mtoto, kwa sharti vitayarishwe kama zamani. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza, na mama akiuongezea maji mtoto hushiba maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walilieleza kwa vipimo lile ambalo bibi zetu walilifanya kwa mazoea: kijiko kimoja cha unga wa kimea hulainisha sufuria ya uji mzito ukawa wa kunyweka, bila kuongeza maji. Mtoto hupata karibu maradufu ya nguvu katika kikombe kile kile.

Kimea cha mtoto kiwe cha ulezi. Hapa lazima tusimame, kwa sababu ushauri unaotolewa kienyeji huacha neno moja la hatari. Mche mchanga wa mtama una sumu ya sianidi, ile ile ya mihogo michungu. Wafugaji wanaijua, maana ng'ombe wakiingia katika mtama machipukizi wanaweza kufa siku hiyo hiyo. Ikiwa kaya haina ila mtama, basi baada ya kuotesha na kukausha, vimea na mizizi yote isuguliwe na kupepetwa, zibaki punje tupu, kisha uji uchemshwe vizuri bila kifuniko. Ulezi hauna shida hiyo kwa kiwango cha kuhangaisha. Loweka ulezi safi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike juani, usugue, usage. Pika uji mzito, upoe mpaka kidole kistahimili, tia kijiko cha kimea, koroga. Ukishalainika uurudishe motoni uchemke tena. Mama wengi huruka hatua hiyo ya mwisho, nayo ndiyo inayoua vijidudu vilivyozaliana wakati wa kuotesha.

Togwa nayo ina heshima yake katika maabara. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu katika miaka ya 1990 uliwaona watoto waliopewa uji uliochachushwa wakiwa na vijidudu vichache vya kuharisha kuliko wenzao waliokula uji wa kawaida. Asidi inayofanya togwa iwe kali ndiyo inayovizuia. Pia kuchacha hufungua madini ya chuma yaliyofungwa ndani ya nafaka. Hata hivyo togwa si dawa ya kuharisha. Mtoto anayeharisha apewe chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya. Togwa iliyolala mpaka ikaanza kulevya si ya mtoto kabisa.

Kwa mgonjwa wa kisukari

Wagonjwa wa kisukari husoma somo la namna hii wakitafuta neno moja: je, nile mtama? Ndiyo, ule, lakini usidanganyike na wauzaji wa unga sokoni. Gramu 100 za unga wa mtama zina wanga na nguvu karibu sawa na za unga wa mahindi. Ugali mgumu wa mtama usiokobolewa huyeyuka tumboni polepole kuliko ugali wa sembe, na hiyo ni faida. Faida hiyo hupotea ukichekecha unga ukabaki laini, ukapika uji mwepesi, ukatia sukari. Hupotea pia ukijipakulia mara mbili kwa kuwa umeambiwa ni chakula cha kisukari. Tonge ziwe zile zile, mboga ziongezwe. Wala usipunguze dozi ya insulini au vidonge kwa sababu umebadili unga. Pima sukari, peleka majibu kliniki, na mganga ndiye atakayebadili dozi. Katika miezi ya ukata hatari yako hugeuka: anayetumia insulini au glibenklamaidi akakosa mlo anaweza kushukiwa na sukari mpaka kuzimia. Mwambie muuguzi mapema kwamba chakula nyumbani kimepungua. Si aibu, na ni habari ya kitabibu kama homa.

Anayekula uwele kila siku ahakikishe chumvi ya nyumbani ina madini joto. Uchunguzi uliofanyika Darfur, Sudan, ulihusisha ulaji wa uwele mwingi na uvimbe wa tezi ya shingo pale penye upungufu wa madini hayo.

Kutunza mbegu bila kujidhuru

Mtama una fadhila kwa mkulima maskini: maua yake kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe. Mbegu uliyochagua leo huzaa mmea unaofanana na mzazi wake, mwaka baada ya mwaka. Ulezi ni hivyo hivyo. Uwele huchavushwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine, hivyo mbegu zake zitoke katika mimea mingi, si masuke mawili matatu mazuri. Mahindi chotara hayatunziki kabisa, kwani kizazi cha pili hutawanyika na mavuno hushuka. Anayenunua mbegu ya mahindi dukani kila mwaka akauona mwaka mmoja hana fedha, huo ndio mwaka atakaojua thamani ya mtama wa jirani.

Mbegu huchaguliwa mtama ukiwa ungali umesimama shambani, si baada ya kuvuna. Asubuhi moja kabla ya mavuno mwenye shamba, na katika kaya nyingi huyo ni mama, hupita mistari ya katikati akifunga uzi kwenye masuke makubwa, yaliyokomaa mapema, yasiyo na fugwe, yatokayo katika mimea iliyosimama imara mahali pasipo na viduha. Masuke hayo huvunwa peke yake na hukaushwa peke yake. Kama ndege ni wengi, kila suke lililochaguliwa livishwe kifuko cha kitambaa chakavu. Tunaomba kisiwe chandarua kinachotumika: mbegu ikinusurika na mtoto akaugua malaria, kaya haikupata faida.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mbegu yenye unyevu huoza, na kabla ya kuoza huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki, na chakula kilichoshukiwa kilikuwa mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa nyumbani. Mtama kwa kawaida hupata sumukuvu kidogo kuliko mahindi, lakini haukukingwa. Njia ya kupima ukavu haihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funika, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandama kwenye kioo, nafaka ni mbichi. Isipogandama inaweza kuhifadhiwa, ingawa mbegu ni vema ianikwe siku moja au mbili zaidi.

Mahali pa kale pa mbegu ni darini, juu ya mafiga. Moshi hukausha, hufukuza wadudu na kuyatia masuke rangi nyeusi ambayo hakuna mtoto anayetamani kuitafuna. Hapa sisi watu wa afya tuna ugomvi na nafsi zetu. Tunamwambia mama atoke katika moshi, kwa kuwa moshi huo huo huleta nimonia kwa mtoto mchanga na ugonjwa sugu wa mapafu kwa mpishi. Kisha tunamsifu kwa kutunza mbegu ndani yake. Mtu aliyejenga jiko la nje lenye dohani kwa ushauri wetu bila kuambiwa mbegu itakaa wapi, amepoteza ghala lake. Ushauri kamili una sehemu mbili: jiko litoke nje, na mbegu iliyokauka sawasawa iwekwe katika kibuyu, dumu au chupa iliyojazwa mpaka juu na kuzibwa kabisa, au katika mifuko ile isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa. Jivu safi lililochekechwa, likichanganywa na mbegu, husaidia pia. Dawa ya kunyunyiza haihitajiki kwa kilo 4.

Mbegu iliyotiwa dawa dukani ina hatari kubwa zaidi. Huwa imepakwa rangi nyekundu, kijani au buluu, na rangi hiyo ni onyo. Wakati wa njaa kaya huiosha mpaka rangi itoke, ikidhani sumu imetoka nayo. Huko Iraq, majira ya baridi ya 1971 na 1972, wakulima waligawiwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa yenye zebaki. Wengine waliiosha, rangi ikatoka, wakaoka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitali na 459 walifia humo. Zebaki haitumiki tena kwa kazi hiyo, lakini dawa za leo za kuua ukungu na wadudu nazo si za kuliwa, wala kuku wasipewe. Mgonjwa akija na kutapika, kutetemeka au degedege lisilo na homa katika miezi ya kupanda, ulizeni kwa upole kama kuna mbegu ya dukani iliyopikwa. Ulizeni hivyo kwa faragha, kwani anayekula mbegu huona haya.

Kupata mbegu tena

Kaya ambayo dari lake limekwisha kuwa tupu haitaanza kwa hotuba. Mkoa wa Morogoro una bahati: kituo cha utafiti cha TARI Ilonga kipo Kilosa, Wakala wa Mbegu za Kilimo na taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, zina makao yake Morogoro mjini, na mtandao wa wakulima MVIWATA vilevile. Mbegu zilizoboreshwa kama Tegemeo, Pato, Macia, Hakika na Wahi si chotara, hivyo mkulima akizinunua mara moja anaweza kuzitunza kwa miaka kadhaa. Macia ni fupi, nyeupe na hukomaa mapema. Hakika na Wahi hustahimili viduha. Mbegu za asili zilizobaki kwa wazee zina sifa ambazo hazijaandikwa popote, kama vile kujua mvua za bonde hilo, na ni vizuri zipandwe kando ya hizo mpya.

Mkulima ana ruhusa ya kutunza mbegu yake na kuipanda shambani kwake. Kuuza mbegu ni jambo jingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imekaguliwa, na kwa vikundi vya vijijini kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa, ambao kikundi hujiandikisha na kukaguliwa shambani. Kikundi kinachotaka kuuza kimwone afisa kilimo kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.

Kikundi kisichotaka kuuza kinaweza kuweka hazina ya mbegu: kila mwanachama huleta kilo chache baada ya mavuno, hukopeshwa anayekosa, naye hurudisha na nyongeza kidogo. Kliniki ya watoto ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kuwa mama wa vitongoji vyote hukutana hapo kila mwezi. Mtoto ambaye utepe wa mkono unasoma kati ya sentimeta 11.5 na 12.5 ana utapiamlo wa kadiri, na kaya yake iwe ya kwanza katika orodha ya kukopeshwa mbegu. Akiwa chini ya 11.5 huo ni utapiamlo mkali: apewe matibabu siku hiyo, na habari ya mbegu ifuate akishapata nafuu.

Uhai wa mbegu upimwe mapema, wiki tatu kabla ya masika. Hesabu punje 100 bila kuchagua, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke mahali penye joto na ukinyunyizie maji kila siku. Siku ya saba fungua uhesabu zilizochipua. Zikifika 80 au zaidi, panda kwa kipimo cha kawaida. Zikiwa 60, ongeza mbegu katika kila shimo. Zikiwa chini ya 50, mpeleke mwenye nazo kwenye hazina ya kikundi wiki hiyo hiyo, na zile zilizosalia, kama hazikutiwa dawa wala hazina ukungu, zinaweza kuliwa.